Ngazi za Jecinta Nduta

Jecinta Nduta alikuwa mfagiaji katika jumba moja la katikati ya Nairobi, ghorofa ishirini na mbili, ambalo wenyewe walipenda kusema ni machache tu yanayolizidi urefu nchini. Aliishi mtaa wa Ziwani na wanawe wawili. Kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu pamoja na mwenzake Khavere, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyeanza kusumbuliwa na goti.

Mwaka wa 1979 msimamizi wa jumba, Gachanja, alibandika karatasi kando ya lifti: kuanzia siku hiyo wafagiaji watumie ngazi. Mpangaji mmoja alikuwa amelalamika kwamba ndoo zao zinanuka. Basi wanawake kumi na mmoja wakaanza kupanda, ufagio kwapani, ndoo mkononi. Ndoo zenyewe zilikuwa zimejaa, kwa sababu asubuhi mifereji ya juu ilikuwa mikavu na maji yalitoka ghorofa ya chini tu.

Siku moja Nduta alikuwa amesimama ghorofa ya kumi na nane, akihema, lifti ikafunguka. Akatoka mbwa mweupe wa manyoya marefu, na nyuma yake dereva wa mpangaji akiwa ameshika mnyororo. Dereva alimsalimu kwa adabu. Nduta alimtazama mbwa, akainua ndoo yake, akaendelea kupanda.

Wiki hiyohiyo Khavere alianguka. Goti lilimkataa baada ya ghorofa ya tisa, akaporomoka pamoja na maji yake, na mkono wa kulia ukavunjika. Gachanja alipofika alitazama kwanza maji yaliyomwagika, akaagiza yapanguswe kabla wageni hawajaingia. Kisha akaandika kitabuni kwamba mfanyakazi ameumia kwa uzembe wake.

Kesho yake Nduta aliingia ndani ya lifti na ndoo yake, akasimama katikati ya mabwana wenye tai. Gachanja alizuia mlango kwa mguu, akamwambia atoke.

"Juzi mbwa alipanda humu," Nduta akasema. "Hukumtoa."

"Mama, usiniletee mambo. Huyo ni wa mpangaji."

"Na mimi ni wa nani? Niambie, nimlete huyo mwenyewe aje anisemee."

Mabwana walitazama viatu vyao. Askari wawili wa jumba walimshika Nduta mikono, wakamtoa, na ndoo ikapinduka kwenye zulia. Wenzake tisa waliokuwa wakingoja zamu walipoona vile, waliweka ndoo zao chini pale mlangoni, wakakaa juu ya sakafu.

Walikaa siku tatu. Huko juu mapipa yalifurika na vyoo vikachafuka, wapangaji wakaanza kupiga simu. Siku ya nne ile karatasi ilibanduliwa. Wafagiaji wakaruhusiwa lifti mpaka saa moja na nusu, kabla wakubwa hawajaja, na Gachanja akawatangazia kana kwamba anawapa zawadi.

Nduta hakuipanda mara nyingi. Mwezi haukuisha, akaachishwa kazi kwa kosa la kuchelewa, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa. Alianza kuuza uji na maharagwe soko la Kariokor, karibu na mafundi wa viatu vya matairi.

Lililomuuma zaidi ni Khavere. Mkono ulipona ukiwa umepinda, hata kufua hakuweza tena, na kazini hawakumtaka. Nduta alirudi kwa Gachanja kuomba barua ya kueleza kwamba mama yule aliumia kazini, ili adai fidia. Gachanja akasema hajui habari hiyo. Ndipo Nduta akaiandika mwenyewe kwa mkono wake, akitaja siku, ngazi, karatasi na mbwa. Wale wanawake tisa waliweka vidole gumba, mmoja mmoja, baada ya kutoka kanisani, naye akaipeleka ofisi ya serikali ya mambo ya kazi.

Karani aliipokea, akaipiga muhuri, akamwambia angoje. Nduta alikwenda kuulizia kila mwezi kwa miaka miwili, akiwa na Khavere, na kila mara alidai aonyeshwe barua yenyewe, aone kwa macho yake kwamba haijatupwa.