Tasbihi ya Babu Iko Kwenye Kikapu Changu cha Kushonea

Tafadhali nifichieni jina, kwa sababu mtaa wetu wa Kibomet hapa Kitale ni mdogo na baba yangu anajulikana msikitini. Nina miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani, namsaidia mama kushona. Mimi si mtu wa kuongea. Hata mgeni akija namsalimia nikiangalia mlango. Haya ninayoandika sijamwambia mtu yeyote.

Babu yangu mzaa baba aliishi Bungoma mjini, nyuma ya msikiti. Ujanani alipigana vita vya Wazungu katika nchi ya mbali, na kwetu hiyo ndiyo heshima ya ukoo. Alirudi na koti moja na tasbihi nyeusi ya punje tisini na tisa. Baba hutueleza kwamba shehe wa nchi ile alimpa babu tasbihi hiyo kwa ushujaa wake. Babu mwenyewe hakuwahi kusema hivyo. Wala hakuitumia. Uradi wake aliuhesabu kwa vidole, na msikitini alisali safu ya mwisho, hata akiitwa mbele. Watu walisema ni unyenyekevu.

Mwaka juzi, wakati wa Maulidi, madrasa ilitaka hotuba kuhusu mashujaa wetu. Niliiandika mimi, lakini kwa haya zangu nikampa kaka yangu aisome. Nilitia kila kitu: babu akisonga mbele huku anatabasamu, maadui wakitawanyika, shehe akimvisha tasbihi. Vita sikuwa nimeviona. Nilipenda tu jinsi maneno yalivyokaa. Watu walipiga takbiri mara tatu, na babu, aliyekuwa amekuja kwetu kwa sherehe hiyo, akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo vijana wanamwita kaka yangu Kamanda. "Niaje, Kamanda! Bunduki inakuja lini, bana?" Anacheka, lakini anatembea kifua mbele.

Nilipomaliza mtihani nilipelekwa Bungoma kumtunza babu. Hakuweza tena kuinama, kwa hivyo mimi ndiye niliyemmiminia maji ya udhu. Alasiri moja alinishika mkono, maji yakamwagika.

"Mjukuu wangu, ile hotuba yako ilikuwa tamu," akasema. "Lakini mimi si huyo mtu."

Akanieleza. Walikuwa wamejificha nyuma ya ukuta wa kisima. Mtu akatokea amebeba kitu mkononi, na babu akampiga risasi. Walipomfikia, kile kitu kilikuwa birika. Mtu yule alikuwa anakwenda kutia udhu. Alikuwa bado hai, anatoa shahada kwa maneno haya haya tunayoyajua sisi.

"Ilimchukua muda mrefu," babu akasema. "Nilikaa naye. Tasbihi ilikuwa mfukoni mwake. Sijui kwa nini niliichukua. Nikifa, iwekeni kaburini mwangu, nikamrudishie mwenyewe. Na hili umelisikia wewe peke yako."

Nikaapa kwamba sitasema.

Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo, asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo. Mnajua kwetu wanawake hawaendi makaburini. Nilisimama mlangoni na tasbihi ndani ya mtandio wangu, nikaangalia jeneza likiondoka. Nilitakiwa kumpa mwanamume mmoja tu, nimwambie aitie kaburini. Lakini angeuliza kwa nini, na mimi nikazidi kuikunja ndani ya mtandio. Baadaye baba aliitafuta, nikaitoa. Siku ya tatu ya matanga akamvisha kaka mbele ya watu wote.

Sasa jeshi litaandikisha vijana mwezi ujao, na kaka anakwenda. Baba mdogo alikuja kutoka Myanga kumkataza. "Muislamu utabeba bunduki ya serikali, kesho uambiwe umpige Muislamu mwenzako. Utajibu nini mbele ya Mungu?"

Baba akamjibu kwa hasira, "Baba yetu alibeba! Kuna mtu katika ukoo huu aliyekuwa na imani kumshinda yeye?"

Baba mdogo akainuka, akatafuta viatu vyake. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

Kila asubuhi kaka anakimbia mpaka barabara kuu na kurudi. Jirani yetu, mama mmoja Mkristo aliyehama kutoka Saboti wakati wa mapigano ya mlimani, humwangalia akiwa kwenye ua wake. "Wewe kijana," alimwambia juzi, "unakimbia hivyo na hakuna mtu anakufukuza? Ngoja ufukuzwe, na mtoto mgongoni. Hiyo mbio haina wimbo." Kaka akampigia saluti, wakacheka wote.

Ijumaa iliyopita mama alikuwa anavuka ua na birika la udhu. Kaka akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko, akalenga kwa mpini wa jembe. "Usisogee!" Akafanya mlio wa risasi kwa mdomo. Mama akacheka, "Ati sasa unaua mpaka mamako?" Mimi niliangusha sinia. Walidhani nimeteleza.

Jana kaka aliniletea kaptula yake pamoja na tasbihi. Kule watavuliwa mashati, watahesabiwa mpaka meno, na anaogopa atanyang'anywa tasbihi. "Mwalimu wangu," ndivyo anavyoniita tangu ile hotuba, "nishonee ndani ya mkanda. Nataka baraka ya babu iwe mwilini mwangu."

Nimefundishwa kwamba aibu ya maiti husitiriwa, na niliapa kwa babu yangu akiwa hai. Nikisema, nitamvunjia heshima kaburini, na baba hataniamini au hatanisamehe. Nikinyamaza, kaka yangu atakwenda vitani akifuata mtu niliyembuni mimi, kwa mwandiko wangu, amejifunga mali ya mtu aliyeuawa akienda kusali.

Nyinyi mnaosoma ukurasa huu, wazazi na ndugu zangu, nijibuni kabla mwezi haujaisha. Uzi nimeshautia kwenye sindano. Niishone, au niseme?