Viatu vya bibi harusi vilivyonidanganya Kathiani, na Mutheu aliyenipita

Kamera yake niliisikia kabla sijamwona. Cha, cha, kimya kidogo, kisha wanawake wakaangua kicheko nyuma ya nyumba.

Wakuu, habari zenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, mjue nilikuwa mjinga kweli.

Mimi ni mpiga picha hapa Machakos mjini. Tuko wawili kwa studio moja, mimi na dada mmoja anaitwa Mutheu. Mimi ndiye niliyetangulia. Flash ya kwanza aliyoshika maishani mwake nilimwekea mimi mkononi. Sasa elewa hapo vile roho yangu ilikuwa.

Bosi wetu, Mutua, alikuwa amechoka kuzunguka na kamera. Siku moja akatuita.

"Kuna ntheo Kathiani Jumamosi. Nendeni wote. Nikiona picha nitajua nani ataongoza harusi za Desemba. Mwingine atabaki hapa na picha za passport."

Kwa wasiotoka Ukambani: ntheo ni siku ambayo upande wa mume unapeleka mbuzi kwa kina msichana. Nyama hiyo ikishaliwa, huyo ni mke wa mtu, hata kama kanisani hawajafika.

Nilijiandaa vile najua. Nikasafisha lenzi, nikachaji betri, nikatazama video za harusi za ng'ambo mpaka macho yakauma. Nikafika Kathiani wageni wakishuka kwenye magari, ndipo nikasikia ile kamera.

Mutheu alikuwa huko tangu asubuhi. Leso kiunoni, kamera shingoni, kisu mkononi, anakata vitunguu na mashangazi wa bibi harusi. Na maswali. Hapo mnafanya nini? Nani anatangulia? Kwa nini huyo na si yule? Yeye ni Mkamba kama mimi, lakini aliuliza kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Niliona haya kwa niaba yake.

"Huyu anauliza kama polisi," shangazi mmoja akasema. "Afande, ongeza maji kwa hiyo sufuria."

Wakacheka tena. Mimi nikasalimia, wakaitikia, basi. Nikajiambia anapendelewa kwa sababu ni mwanamke, nikaenda zangu kwa hema. Njiani nikakuta viatu vya bibi harusi juu ya kiti, vyeupe, vya shanga. Nikavipiga picha vizuri sana, vile video zilinifunza.

Sasa, siku ya ntheo kuna mchezo mmoja. Bibi harusi na wenzake wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi chini, wanasimamishwa mstari mmoja, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Ni picha moja tu ambayo familia itaitafuta kwanza: uso ule, leso ikiinuliwa.

Mstari ukatokea. Leso tupu, hakuna uso. Nikaangalia chini, nikaona vile viatu vya shanga katikati. Nikatabasamu peke yangu. Nikamlenga huyo, nikaweka focus, nikabana pumzi.

Bwana harusi akaja polepole. Akampita huyo wangu. Akaenda hadi mwisho wa mstari, akasimama, akainua leso.

Vigelegele.

Mashangazi walikuwa wamebadilisha viatu. Mtego ulitegewa bwana harusi, ukaninasa mimi. Nilipogeuza kamera, nilipata visogo vya watu.

"Fundi," yule shangazi akaniita mbele ya hema zima, "huyo ni binamu. Ama na wewe umemletea mbuzi?"

Na Mutheu? Alikuwa amepiga goti mwisho wa mstari kabla bwana harusi hajatoka kitini; yale maswali ya jikoni yalikuwa yamemwambia nani atasimama wapi. Picha yake niliiona baadaye. Leso iko nusu, bwana bado hana hakika, na nyuma yao mama ya msichana ameuma mdomo asilie. Wakuu, niliitafutia kosa kama mtu anayetafuta sindano. Sikupata.

Jumatatu studio. Mutheu ana tabia moja ambayo siku zote niliiona ni maringo: anafungua picha zake mbaya kwanza, kwenye kompyuta kubwa, mbele yetu. Hata siku hiyo, na ile picha yake mfukoni, alianza na zilizoharibika.

"Hapa jua lilikuwa nyuma yao, sikuangalia," akasema. "Hapa niliogopa kumsogelea mzee."

Bosi akanigeukia. "Zako mbaya ziko wapi?"

"Nilifuta."

"Zote?"

"Zote, bosi."

"Sasa utajifunzia wapi?"

Desemba ikaenda kwa Mutheu.

Niliyojifunza nayaandika nikiwa nimeuma meno. Fika kabla ya wageni. Uliza hata unachodhani unajua, hasa cha kwenu. Picha iliyokuaibisha usiifute, kaa nayo uiangalie mpaka uone ulisimama wapi vibaya. Nimeanza kufanya hivyo. Wivu haujaisha, msidanganyike. Kila client akiuliza "yule dada yuko?" kitu kinanichoma hapa kifuani.

Nyinyi mnaofanya kazi meza moja na mtu aliyewapita, mnaishije? Niambieni, hata mkinichapa nitasoma.

Nawaandikia nikiwa studio. Leo ni harusi yake ya kwanza akiwa kiongozi. Sasa hivi amebeba mfuko, na nimejikuta nikimwambia, macho kwenye kompyuta, "Ukirudi, nionyeshe zile mbaya kwanza."

"Zitakuwa nyingi," amesema.

"Sawa."

Sijui kama nilikuwa naomba kujifunza au nilikuwa naomba ziwe nyingi kweli. Ameniangalia kidogo, kama anayejua, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.