Usaili wa Shangazi kwa Saa ya Burundi

Kuna watu Kabanga mpaka leo wakiniona wananiita Profesa, na mimi naitika, maana najua nikinuna ndiyo litakuwa jina langu hadi kaburini. Acha niwaeleze lilikotoka, ingawa kila nikifika katikati masikio yananiwaka.

Shangazi Devota ni muuguzi kwenye kituo cha afya huku kwetu Ngara, mpakani na Burundi, na nikitoka shule ya bweni Rulenge likizo naimalizia kwake. Mwaka huu aliomba kusoma uzamili wa uongozi katika afya ya kidijitali, yaani kusimamia huduma zinazoendeshwa kwa kompyuta na vishikwambi badala ya yale mafaili yaliyoliwa na panya (nilimwambia anasomea ubosi wa vishikwambi, akacheka, siku hizo alikuwa bado anacheka na mimi). Chuo kikamwita kwenye usaili wa video, saa nne asubuhi. Akifaulu analipiwa ada yote. Akikosa hasomi, kwa sababu mshahara wake unasomesha watoto wa ukoo, mmojawapo ni huyu anayewasimulia.

Nyumbani kwake ni bondeni, mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependa chakula chenu. Nikapanga tupande hadi barazani kwa kaka Gervas, mwenye duka karibu na yanaposimama mabasi ya mpakani, tutumie simu yangu ambayo ina laini mbili, ya kwetu na ya Burundi, kama simu nyingi za Kabanga. Hadi hapo nilikuwa na akili. Nilikosea mlangoni, shangazi alipotia simu yake kwenye mkoba, nikamwambia aiache, maana katikati ya usaili ingeita halafu awe ni mtu wa kikoba anauliza kikao ni lini. Akaiacha. Kwenye mambo ya simu alikuwa ananiamini kama padri.

Kwa Gervas laini ya kwetu ikasuasua, nikahamia ya Burundi, ikashika vizuri kabisa. Sasa sikilizeni, Kabanga hata mtoto wa chekechea anajua kwamba simu ikidakwa na mtandao wa Burundi saa yake inarudi nyuma, kwa sababu wenzetu wako nyuma yetu kwa saa nzima. Hata mimi najua. Nimewahi kumcheka abiria aliyeachwa na basi kwa jambo hilo hilo, nikamcheka mpaka akanitukania ukoo. Lakini siku hiyo simu iliposema saa tatu na kidogo nilifurahi tu, nikamwambia shangazi tumewahi mno, na simu ambayo ingenisahihisha tulikuwa tumeiacha bondeni.

Nikafungua kiungo cha usaili kuona kama kinafanya kazi, kikaandika nisubiri kuruhusiwa. Nikachomeka hedifoni, nikaziacha juu ya benchi, simu nikailaza kifudifudi isichomwe na jua, tukakaa kungoja.

Shangazi alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Huyu mwanamke anashona vidonda vya watu bila kupepesa macho, leo anashindwa kushika chupa ya maji, na mimi nikimwona mtu mzima ameogopa huwa sijui la kufanya zaidi ya kuchekesha. Nikaazima miwani ya Gervas, nikavuta sauti ya tumboni, nikaanza kumsaili.

"Bi. Devota," nikasema, "kompyuta ya kituo ikipata homa kali, utaipa panadol ngapi?"

Wabadilisha fedha waliokuwa barazani wakaangua kicheko, na mimi nikishapewa kicheko kimoja huwa nataka cha pili, kwa hiyo nikawaeleza kwamba maprofesa huuliza maswali marefu ili wapate muda wa kusinzia, na kwamba yule mwenye kipara (lazima awepo mwenye kipara) huwa hasikilizi majibu, anafikiria chakula cha mchana. Nikamgeukia tena shangazi, nikamuuliza mama wa umri wake anatafuta nini shuleni badala ya kupalilia migomba yake.

Hapo akaacha kucheka.

"Wanatuletea vishikwambi," akasema, "wanatufundisha siku moja, wanapanda gari wanaondoka. Tunabaki sisi na mgonjwa. Nataka siku moja niwepo wanapopanga, kabla havijafungwa kwenye maboksi."

Baraza zima likanyamaza, na kwenye ule ukimya nikasikia kitu kinalia kwa sauti nyembamba kama mbu kwenye chupa. Ni hedifoni. Nikainua simu, hedifoni zikachomoka, na kwenye kioo walikuwepo watu watatu wananitazama, wanawake wawili na mwanamume mmoja, naye, Mungu ni shahidi, ana kipara.

"Tumekuwa tukiwasikia kwa muda mrefu," akasema yule mama wa katikati, na baraza lote likasikia. "Sasa tunaomba kuzungumza na Bi. Devota mwenyewe. Profesa aliyetangulia anaweza kupumzika."

"Mana yanje," shangazi akanong'ona kwa Kihangaza, yaani Mungu wangu, akachukua simu. Mimi nilikuwa bado nimevaa miwani ya watu.

Akawaamkia, akaomba radhi, akaeleza habari ya saa na laini ya Burundi bila kunitaja (angeweza kunitaja, nilikuwa hatua moja tu kutoka kwake). Wakamwambia muda uliobaki unatosha swali moja. Akauliza mwenye kipara, wala hakuuliza kwa hasira: "Na vishikwambi vya kituoni kwenu, vinafuata saa ipi?"

Shangazi akaisogeza simu karibu na uso.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuangalia."

Wakamshukuru, wakakata.

Tukashuka bondeni. Nilikuwa nimeandaa samahani ndefu lakini alinitangulia, akasema anawaza wagonjwa wa dawa za kila baada ya saa kadhaa, na watoto waliozaliwa wakaandikiwa saa ya nchi nyingine. Kesho yake akaenda kuangalia. Kishikwambi cha wodi ya wazazi, kinachokaa dirishani upande wa mpakani, kilikuwa nyuma. Akakirekebisha, akamweleza mganga mfawidhi, akarudi nyumbani.

Majibu ya chuo yalipokuja hakuwa amechaguliwa. Walimkaribisha aombe tena awamu ijayo. Aliyasoma amesimama, akaenda jikoni, akapika ndizi na nyama, na wakati wa kupakua akanipa kipande kikubwa kama kawaida yake. Angenichapa ningekula vizuri. 

Tangu hapo nimejiapiza kwamba nikimkuta mtu ana hofu ya jambo lake la maana nitakaa naye kwenye hofu hiyo hiyo, nimwache aogope kwa heshima. Kazi ya kumfanya acheke si yangu, hata kama barazani pamejaa watu wenye njaa ya kucheka.

Anaomba tena. Juzi nikamuuliza, kwa sauti ndogo sana, safari hii nani atamshikia simu, nikitegemea atamtaja Gervas au hata mbuzi wa Gervas.

"Utashika wewe," akasema. "Makosa yako nimeshayajua. Ya mtu mwingine ndiyo yatanishtukiza."

Kisha akaniangalia juu ya kikombe chake cha chai.

"Ila mdomo utauacha nyumbani."