Ile X ya Kettlebrook

Beryl Larter hakosei. Kila shabiki wa timu ya Korongo wa Haddenmere analijua hilo, na asiyelijua ataambiwa na Beryl mwenyewe kabla hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha chai.

Alipika katika shule yetu ya msingi miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mji huu tumekuzwa kwa viazi vyake vya kuponda na ile kastadi yake ya njano, nzito hadi kijiko kinasimama chenyewe. Lakini ukimuuliza amefanya nini maishani, jikoni hatakutajia. Atakupeleka kwenye kabati la sebuleni lenye programu za spidiwei, vile vijitabu vya mbio za pikipiki, moja kwa kila shindano tangu mwaka 1979, la nyumbani na la ugenini, zote zimejazwa kwa kalamu ya wino mweusi. Pikipiki nne zinatoka kwenye utepe, mbili zetu na mbili zao, hazina breki, raundi nne, dakika moja kwisha. Sisi wengine tunapiga kelele, Beryl anaandika. Wa kwanza tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho sifuri. Aliyetolewa na refa, X.

Halafu kuna bonasi. Mtu akimfuata mwenzake wa timu hadi mwisho bila kumpita, na akamwacha mpinzani nyuma yao, huongezewa pointi moja kwenye wastani wake. Ni kama shukrani kwa kutokuwa mchoyo. Beryl anazipenda bonasi kuliko hata ushindi, na mwenye nazo nyingi kwetu ni Lyle Garrod, mtoto wa hapa hapa, fundi bomba wakati wa baridi, ambaye zamani alikuwa akirudi dirishani kwa Beryl pale shuleni na bakuli tupu akiomba kastadi nyingine. Amekuwa Korongo kwa misimu kumi na mmoja.

Takwimu za klabu anatunza Beryl. Mwenye timu, Bwana Stannard, alimkabidhi kazi hiyo miaka mingi nyuma, na kila mwisho wa msimu hesabu zake ndizo zinazopelekwa ofisi ya ligi. Hazijawahi kurudishwa. Hilo nalo atakuambia.

Mimi naitwa Hazel, nina gari, na kwa sababu nina gari nimeshuhudia mengi.

Jumapili ya kwanza ya Novemba, baada ya chakula cha mchana, tunakutana chumba cha nyuma cha baa ya Bata Watatu kupanga timu ya mwakani. Hakuna aliyetuomba. Kila mmoja huandika majina nyuma ya vile vikadi vya kuwekea glasi, saba kwa kila timu, na chini ya jina wastani wa mtu, yaani pointi zake kwa kila mbio nne. Ukijumlisha vikadi vyako saba visizidi arobaini. Ndiyo sheria ya ligi, ili wenye nguvu wasizoe wazuri wote. Kwa hiyo unamshangilia mtu wako msimu mzima afunge pointi, na akizifunga mno, mwakani hatoshei tena.

Mwaka huo kikadi kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Stannard alikuwa ameshatangaza sita, mmoja mmoja kila siku, kama anatugawia peremende. Sita hao walifika thelathini na nne kamili. Nafasi ya saba ilikuwa ya mtu mwenye wastani wa sita, asizidi hata chembe. Na orodha ya ligi ilisema Lyle Garrod ni sita nukta sifuri tano.

"Sifuri tano!" Neville aligonga meza hadi vitunguu vya siki vikaruka kwenye bakuli. Neville ni mwenye bucha wa barabara kuu, ana sauti ya kuita ng'ombe waliokwisha kufa. "Hiyo ni nini? Hiyo si chochote! Mimi nikipima soseji hiyo naiacha kwenye kisu!"

"Ligi si bucha lako, jirani," alisema Cyril Bloy taratibu.

Cyril alifanya kazi kiwanda cha sukari mpaka kilipomstaafisha. Anasimama kulia kwa Beryl kwenye kona ya kwanza, mvua au jua, tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu. Hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa mahali pa kusimama.

"Basi anakuja yule Mdenmaki," nikasema. "Ana tano nukta nane saba. Anatoshea."

"Mdenmaki yule anaendesha kama amebeba mayai mfukoni!" akafoka Neville. "Na Lyle aende wapi? Timu zote zimejaa. Imebaki ile ya Skotlandi."

Lyle alishatuambia pale kwenye kibanda cha chai. Skotlandi kila Alhamisi, na mtoto mchanga nyumbani, hapana. Akikosa nafasi Haddenmere anauza pikipiki zote mbili, basi.

"Ametuponza na bonasi zake," Neville akaendelea. "Hakuna hata siku moja aliyoteleza ikasahaulika? Fikirini jamani! Pointi moja tu. Amekimbia mbio themanini, ana mia moja ishirini na moja. Akiwa na mia moja ishirini anakuwa sita kavu, anaingia mlangoni bila hata kuinama. Beryl, wewe ndiye maktaba. Mtafutie pointi moja mbaya!"

Watu walicheka. Kweli ilikuwa kichekesho, mashabiki wazima tuliokaukiwa na koo tangu Aprili tukimwombea pointi, sasa tunamtafutia doa. Beryl hakucheka. Alikuwa ameshika keki ya soseji karibu na mdomo, na ikabaki hapo hapo. Nilimtazama Cyril. Cyril alikuwa anaitazama bia yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani.

"Hazel," Beryl akasema, "nirudishe nyumbani mara moja. Nadhani nimeacha jiko."

Beryl hajawahi kuacha jiko. Nilichukua funguo.

Alipoingia hakutazama hata jikoni, alikwenda moja kwa moja kwenye kabati akatoa programu ya Juni, ya Kettlebrook, ugenini. Niliikumbuka siku hiyo. Ndilo shindano pekee ambalo Beryl alilikosa. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho asubuhi hiyo, na wauguzi nusura wamfunge kitandani. Ili mkusanyiko wake usiwe na pengo, Cyril alimjazia programu, amejibanza chini ya mwavuli wangu, mvua inapiga za kweli, soseji mkono mmoja.

Aliifungua mbio za nane, akaiinamisha dirishani kwenye mwanga.

"Tazama hapo. Unaona?"

Karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe. Juu yake kulikuwa na sifuri ya wino mweusi, nzuri, ya mviringo, mwandiko wa Beryl. Chini yake bado zilionekana ncha nne za X ya kalamu ya risasi.

Nikaelewa polepole. Katika mbio zile mpinzani wa kwanza alishinda, mwenza wa Lyle katika timu akawa wa pili, Lyle wa tatu. Kama mpinzani wa pili alimaliza wa mwisho, Lyle alimwacha nyuma, basi ana bonasi. Lakini kama refa alikuwa amesimamisha mbio na kumtoa kabla hazijarudiwa, walikimbia watatu tu, na Lyle hakumwacha mtu yeyote. Mpinzani huyo wa pili ndiye aliyekuwa na X.

"Kwa nini uliifuta?" nikamuuliza.

"Kwa sababu aliiandika Cyril." Aliketi kwenye kiti cha mkono bila kuvua koti. "Nilimwambia aliandika huku anatafuna. Nikamwambia mwaka tisini na sita aliwahi kubadilisha majina ya watu wawili. Akasema, 'Beryl, nilimwona akirudi kwa miguu na matope hadi kiunoni.' Nikasema hakuna mtu anayeona kitu kwenye mvua ile. Nilikuwa na jicho moja limefungwa bandeji, Hazel, nikamwambia yeye ndiye haoni." Akavuta pumzi. "Na nilitaka Lyle apate bonasi yake. Hiyo ndiyo kweli. Nikaipeleka ligi hivyo, hakuna aliyeiuliza. Mtoto wa watu nimemtoa kwenye timu kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilimwonea huruma hadi nikakosa pa kutazama. Ofisi ya ligi hupokea malalamiko hadi Jumatatu saa sita mchana, na ripoti ya refa wanayo kwenye faili. Ilikuwa rahisi kabisa, nami nikamwambia. "Piga simu kesho asubuhi kimya kimya. Waambie wakague na ripoti ya refa. Lyle anaingia, hakuna atakayejua ilitoka wapi."

"Cyril atajua."

"Cyril hajasema neno. Neville amepiga kelele saa nzima, yeye kakaa kimya."

"Ndiyo," akasema Beryl. "Na umeona alivyokaa?"

Aliinuka, akaifungia programu kwenye mfuko wa plastiki isije ikalowa, akaniamuru niwashe gari.

Tuliporudi Bata Watatu, Neville alikuwa amefika mahali pa kutaka kumwandikia mbunge. Beryl hakuketi. Aliiweka programu katikati ya meza, juu ya vikadi vya watu wote.

"Mbio za nane, Kettlebrook," akasema. "Nimekosea. Yule wa pili wao alikuwa ametolewa. Lyle hakuwa na bonasi. Cyril aliandika X, mimi nikaikwangua nikaweka sifuri. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

Jamaa wa mchezo wa kutupa mishale ubaoni waligeuka, na wao si hata watu wa spidiwei. Neville alibaki mdomo wazi, na humo ndani hakutoka kitu, jambo ambalo hata mkewe hajawahi kuliona.

Cyril alikuwa na haki ya kuichukua siku ile yote. Miaka arobaini na kitu amekatwa kauli mbele za watu, ameitwa kipofu, ameambiwa hesabu yake ni ya kuku. Angeweza kusimama juu ya kiti, na mimi ningempigia makofi. Alichofanya ni kusogea kidogo kwenye benchi.

"Keti, Beryl," akasema. "Mvua siku ile ilikuwa mbaya sana."

"Usinihurumie, Cyril Bloy. Ulikuwa unajua na ukanyamaza!"

"Nilisema mwezi wa sita. Nikafikiri mara moja inatosha."

"Na Lyle je? Ungemwacha auze pikipiki?"

Cyril alijikuna shingo. "Ningekupigia simu kesho saa tatu. Nikikukuta bado hujawapigia ligi, basi ningepiga mimi. Nilitaka nikupe usiku mmoja."

Beryl aliketi. Uso wake ulikuwa mwekundu kama matofali. Neville ndiye aliyerudiwa na sauti kwanza. "Kwa hiyo ni mia moja ishirini? Gawanya... mara nne... Jamani, ni SITA! Sita kavu! Lyle mbovu kuliko tulivyofikiri! Mungu ambariki, ni mbovu!" Akamkumbatia jamaa wa mishale ambaye hata hakumjua.

Tulimpigia Stannard hapo hapo, naye asubuhi akaandikia ligi. Jumanne ripoti ya refa ikatolewa kwenye faili, na mbio za nane zilikuwa na X. Ijumaa Korongo wakamtangaza mtu wao wa saba. Lyle alikwenda mwenyewe kwa Beryl, na kwa kuwa alikuwa ameshasikia kisa chote, alibisha hodi kwenye dirisha la jikoni badala ya mlango, ameshika bakuli tupu. Beryl alimwita mshenzi, akampikia.

Barua ya kuomba radhi kwa ofisi ya ligi Beryl aliiandika mwenyewe, ukurasa mzima, na akataka aache kazi ya takwimu. Stannard alikataa. Alisema kosa moja tangu 1979 ni wastani ambao hata yeye hawezi kuusajili. Beryl alikubali kwa sharti moja, na hakutuambia ni lipi.

Tulilijua mwisho wa Machi, shindano la kwanza la nyumbani. Baridi ilikuwa bado kali, udongo mwekundu umemwagiwa maji, na harufu ile ya mafuta ya pikipiki ambayo sisi tumeingoja tangu Oktoba ilitufanya tusimame tukivuta pumzi na kutabasamu ovyo. Beryl alikuwa mahali pake kwenye kona ya kwanza, Cyril kulia kwake, mimi na flaski nyuma yao, na Neville tayari sauti imemkauka kabla hata ya kuanza.

Mbio za nne, Lyle alitoka vibaya kwenye utepe. Raundi ya pili akawa wa tatu, nyuma ya mwenzake, na angeweza kulazimisha kupita, lakini alibaki pale pale akimlinda, mpinzani wao mmoja mbele na mwingine akihangaika kwenye vumbi. Wakapita mstari. Kelele zilikuwa nyingi, na vumbi lilikuwa limefunika kona yote.

Beryl aliinua kalamu. Zamani angepanda juu ya uzio kuhakikisha; sasa sharti lake lilikuwa asiandike kabla ya kumuuliza Cyril.

"Cyril," akasema, macho yake yakiwa kwenye karatasi. "Nani yuko nyuma yake?"

"Yule wao wa kofia ya njano. Amemaliza."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

Beryl akaandika bonasi, hakugeuka kutazama.