Mkono wa Padri Ortlieb

Padri Ortlieb alikuwa amefika karibu na katikati ya shamba la shayiri, mundu ukiwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, uliokakamaa kama mguu wa kuku, aliutumia kuyabana mabua kifuani. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1200. Nyuma yake Hadewig, mjane mwenye shamba, alikuwa akifunga miganda bila kumtazama.

"Unakata kama mtu anayenyoa mbuzi mgonjwa," alisema Hadewig.

"Nitazoea, mama."

"Utazoea lini? Mvua ikija ndiyo itakufundisha?"

Padri alibana mabua mengine kifuani. Kwa miaka miwili na nusu alikuwa amezunguka nyumba kumi za watu, akifanya kazi ya siku nzima katika kila nyumba, na hii ya kumi na moja aliiacha mwisho kwa sababu aliiogopa.

Alizaliwa mwaka 1149 katika kijiji hiki hiki cha Ruhenbach, chini ya milima ya Bavaria, mtoto wa mtengeneza mapipa. Hakusoma katika shule kubwa. Kilatini alijifunza kwa padri aliyemtangulia, sala moja baada ya nyingine, huku akipiga kengele na kutengeneza mishumaa. Alipewa upadri mwaka 1175 na kurudishwa kwao. Watu walimpenda kwa kuwa hakupaza sauti na hakukosea siku ya mfungo wala siku ya sikukuu. Ndiye aliyewabatiza, aliyewafungisha ndoa, aliyewazika, na kengele yake ndiyo iliyowaambia saa ya kuacha jembe.

Kazi nyingine ilikuwa yake pia. Bwana wa eneo alipokosa shahidi wa kosa, aliyeshitakiwa aliletwa kanisani. Chuma kilichomwa mbele ya altare mpaka kiwe chekundu, padri akakibariki, na mtu akakibeba hatua tisa kwa mkono mtupu. Kisha padri aliufunga mkono ule kwa kitani, akatia nta na muhuri wa kanisa. Siku ya tatu aliufungua mbele ya wote. Ukiwa safi, mtu alikwenda kwake. Ukiwa na usaha, alikwenda kunyongwa, kwa maana Mungu alikuwa amesema. Padri Ortlieb aliifunga mikono thelathini na mmoja kwa uangalifu mkubwa, akipima kitani kwa vidole ili pasiwe na aliyefungwa vibaya kuliko mwenzake.

Mwaka 1191, wiki ya Pasaka, kalisi ya fedha ya kanisa, kikombe cha divai ya Misa, ilipotea. Wiki hiyo Egilo, mume wa Hadewig, alikuwa juu ya paa la kanisa akiezeka upya. Hakukuwa na mwingine wa kumshuku. Alikibeba chuma hatua tisa bila kupiga kelele, na siku ya tatu Padri Ortlieb aliufungua mkono wake, akaunusa, akasema neno moja: "Umeoza." Egilo alinyongwa njia panda kabla ya adhuhuri.

Miaka sita ilipita. Katika Kwaresima ya mwaka 1197 Padri Ortlieb alikuwa akibadilisha mbao za shimo la ukutani ambalo watu wa Ruhenbach huliita Kaburi la Bwana. Humo, kila Ijumaa Kuu, msalaba hulazwa ukiwa umefungwa sanda, na kutolewa Pasaka alfajiri. Ubao wa nyuma ulipobanduka, mkono wake uligusa kitambaa kilichotafunwa na panya. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kalisi.

Alikaa chini sakafuni. Alikumbuka kwamba mzee Wipert, mtunza vyombo vya Misa, ndiye aliyelaza msalaba Ijumaa Kuu ile, na kwamba mzee huyo alifariki Jumamosi Kuu. Wipert aliilaza kalisi pamoja na msalaba, kama wazee wa zamani walivyofanya, nayo ikateleza nyuma ya ubao. Hakuna aliyeiba kitu. Ilikuwa hatua nne tu kutoka mahali aliponusa mkono wa Egilo. Inasemekana kwa siku mbili Padri Ortlieb hakuweza kutamka Baba Yetu mpaka mwisho.

Siku ya tatu bwana Reginbald, mwenye nchi, alimleta Tammo, mchunga nguruwe, aliyeshitakiwa kuchoma ghala. Kanisa lilijaa. Mhunzi aliyageuza makaa, akaita, "Padri, chuma kimeiva! Baraka zimekwama wapi?" Watu wakacheka.

Padri Ortlieb aliitoa kalisi ndani ya joho lake, akainyanyua. Kicheko kilikatika. Hadewig, aliyekuwa karibu na mlango, alitoa sauti ambayo waliokuwepo hawakuisahau maisha yao yote.

"Ilikuwa humu humu, nyuma ya ubao, mzee Wipert alipoilaza na msalaba," alisema padri. "Egilo hakuiba."

"Hilo ni kosa la mzee Wipert," alisema Reginbald. Uso wake ulikuwa mweupe, lakini hakurudi nyuma. "Bariki chuma, Padri. Tammo anangoja."

"Kwanza tukiulize habari zangu, bwana. Nilimpeleka asiye na kosa kwenye kamba. Nina hatia, na ninyi nyote mnajua. Mkono wangu ukipona, chuma kimesema uongo. Ukioza, chuma kimekiri kwamba nina hatia, yaani kwamba kwa Egilo kilidanganya."

Kabla ya mtu kumshika, alikiokota chuma kisichobarikiwa akatembea hatua tisa. Watu walipiga mayowe. Mhunzi alilia kama mtoto.

Nani aufunge mkono wake, na nani aufungue? Kijiji kilisema ni Hadewig. Siku ya tatu aliivunja nta, akaifunua kitani, akainama.

"Ni uleule," alisema. "Harufu ni ileile."

Hakuna aliyemgusa padri, wala aliyemgusa Tammo. Aliyechoma ghala hajajulikana hadi leo. Askofu alimzuia Padri Ortlieb kusoma Misa mwaka mzima kwa kukataa kubariki, naye alitii. Kati ya mikono ile thelathini na mmoja aliorodhesha kumi na mmoja aliyosema imeoza, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwafanyia kazi jamaa zao. Wengine walimfungulia mbwa. Alirudi kesho yake.

Jioni ile ya Agosti jua lilizama akiwa amefika nusu ya shamba. Hadewig alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Acha, Padri," alisema. Kwa miaka tisa hakuwa amemwita hivyo. "Utamaliza kesho."

Padri aliweka mundu juu ya mganda wa mwisho, akaenda kwake. Alfajiri kengele haikulia.

Ruhenbach haikuchoma chuma tena. Miaka kumi na mitano baadaye baraza kuu la Kanisa, huko Roma, liliwakataza mapadri wote kukibariki. Wenye majeraha ya moto huomba kaburini pa Padri Ortlieb, na wapo waliopona. Anayetaka kumfuata na ahesabu mikono aliyoihukumu mwenyewe, aende penye nyumba anayoiogopa. Na kila mwaka, mkesha wa kumbukumbu yake, wavunaji wa Ruhenbach hukata shamba lile mpaka katikati, huweka miundu juu ya miganda, na kurudi nyumbani huku nusu ya shayiri ikiwa bado imesimama.