Mabawa Yaliyochanika

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, mtafiti wa mbung'o hupulizia vioo vidogo vilivyobana mabawa ya wadudu hao pumzi ya moto na kuvifuta kwa ncha ya kilemba chake. Kisha huweka nukta kwenye picha, pale mishipa ya bawa inapokutana, na kompyuta hupima umbo. Assita, mwanafunzi wake, hajawahi kumwona akikasirika. Leo mtafiti aligeuka ghafla kutoka kwenye vioo.

"Mabawa yaliyochanika uliyatupa wewe?" "Yamekosa nukta, kompyuta inayakataa," alijibu Sanou, mwenzao, akicheka. "Ninyi Wafulani mnahurumia hata nzi!" Siku nyingine mtafiti angemrudishia utani, kwani Sanou ni Mbobo, na Wabobo na Wafulani ni watani. Leo alipiga meza hadi vioo vikaruka. "Yarudishe yote! Wafugaji waambiwe bonde lao ni salama kwa sababu umebakiza mbung'o vijana watupu?" Sanou akainamia pipa la taka. Assita akajikaza. "Dada, hayo yaliyochanika yana nini?"

"Bawa huchanika kwa uzee," akasema taratibu. "Na mbung'o mzee ndiye aliyekwisha kubeba ugonjwa. Hao ndio waliommalizia mama yangu ng'ombe."