Somo la Kushona na Gunia la Macho Mawili

Mjukuu wangu ameingia chuo kikuu, wa kwanza katika nyumba hii. Wiki iliyopita alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. Masomo mengine amepangiwa, lakini mawili lazima achague mwenyewe, na mwisho ni Ijumaa.

"Cucu, wewe ungechagua nini?"

"Uliza watu waliosoma."

"Kwani wewe hukuwahi kuchagua somo?"

Nilimwambia salio lake litaisha, nikakata. Nilichagua. Naandika kwa sababu kwa mdomo sitaweza.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, Waingereza wakiwasaka Mau Mau. Walitutoa kwenye mashamba yetu juu ya Githongo wakatubana katika kijiji kimoja, nyumba zinagusana matako, handaki limetuzunguka, na ndani ya handaki miti iliyochongwa ncha. Shule ya wasichana ilikuwa humohumo. Asubuhi tulisoma pamoja. Mchana kila mmoja alichagua somo lake: shamba, kufua, au kushona. Shamba maana yake ilikuwa kwenda kuchimba handaki pamoja na mama zetu, homgadi, mtu wetu aliyeajiriwa na Waingereza kutulinda, amesimama juu na kiboko. Kufua ilikuwa kufua nguo za homgadi haohao. Kushona ilikuwa kukaa kwenye benchi.

Nafasi za kushona zilikuwa sita. Mwalimu alitupima kwa kipande cha kitambaa na mimi nikawa wa kwanza. Hata leo hapa sokoni hakuna anayeshona tundu la kifungo kama mimi, na anayebisha alete sindano.

Rafiki yangu alishindwa, akapelekwa shamba. Jioni alirudi na matope hadi mapajani. "Wewe memsahibu," aliniambia, "hata kucha zimeanza kung'aa." Nikamnyooshea mkono azione vizuri.

Kila baada ya wiki chache wanaume walipangwa mstari uwanjani kuchujwa, nani ni Mau Mau na nani siye. Mbele yao aliketi mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, limetobolewa mahali pa macho. Mwanamume anasimama mbele yake. Gunia likitikisa kichwa, anakwenda nyumbani. Likiinama, anapandishwa lori la kwenda kambini. Baba yangu alikuwa amekula kiapo cha Mau Mau. Mama alijua, mimi nilijua, hata kuku walijua. Mara mbili alisimama pale na mara mbili akapita.

"Lile gunia limefumuka," alituambia akicheka. "Nyuzi zinamwingia machoni, anatokwa machozi kama mtu anayekata vitunguu. Hawezi kumtambua hata mama yake."

Kwa hiyo baba aliponea kwenye nyuzi zile, na mimi nilijua hivyo.

Siku moja mwalimu aliingia na magunia manne mapya, yametobolewa tayari. Alisema mkubwa wa kituo cha homgadi analalamika, matundu yanafumuka upesi. "Nani ana mkono safi wa kuyafunga kingo?"

Wapo watakaonitetea hapa, waseme nilikuwa mtoto, sikujua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na gunia la macho mawili nililijua. Lakini mwalimu aliuliza mkono safi, na msichana wa upande wa dirisha alikuwa ameanza kuinua wake. Nikasema mimi. Moyoni nikajiambia yatapelekwa Embu, wakachujwe baba za wengine.

Uzi wa kahawia ulikuwa umekwisha, nikatumia wa buluu, ule wa sare zetu. Niliyazungushia matundu mishono midogo iliyobanana, nikailainisha kwa ukucha, kisha nikalivaa gunia moja kujaribu. Niliona vizuri sana. Niliona hadi vumbi la chaki chini ya ubao. Mwalimu alilipitisha gunia lile darasani ili wenzangu waone kazi ilivyo.

Wiki iliyofuata wanaume walipangwa tena. Mimi, mama na rafiki yangu tulisimama nyuma ya kamba. Mtu wa gunia aliketi ametulia, hajikuni, hapangusi macho. Nikaona duara mbili za buluu. Baba alisogea mbele karibu atabasamu, kama mtu anayeijua kazi hii. Gunia lilimtazama. Likainama.

Mama hakulia. Rafiki yangu alitazama zile duara, akatazama mikono yangu.

"Zimetoka vizuri," akasema.

Baada ya siku chache yaliletwa magunia mengine sita. Niliyashona yote, kwa uzi uleule. Kukataa ilikuwa kwenda handakini.

Baba alirudi kutoka kambini baada ya miaka minne, kabuti lake limechanika begani mpaka kifuani. Mama alikuwa na furaha, hakujua aweke mikono wapi. "Mpe binti yako alishone," akamwambia. "Siku hizi ni fundi, watu wanakuja kutoka hata Makutano."

Nililipokea kabuti, nikaleta kopo langu la nyuzi nikalifungua mbele yake. Uzi wa buluu ulikuwa juu. Siku ile uwanjani baba alisimama karibu na lile gunia kuliko sisi sote, hatua moja tu. Alitazama ndani ya kopo, kisha akalichukua kabuti mikononi mwangu.

"Liache hivyo," akasema, akalivaa.

Alilivaa hivyo miaka kumi na mmoja, katika baridi ya huku kwetu, bega liko nje, akipita asubuhi na jioni mbele ya baraza ambako mimi na cherehani yangu tulikuwa tukishonea watu wa tarafa nzima.